Saa Iliyoguswa

Binti yake alinipigia simu Jumamosi asubuhi, chai yangu ikiwa bado haijapoa. Alinisalimia, akauliza hali ya nyumbani, akauliza kama mvua zimeanza huku kwetu, nami nikamjibu moja baada ya jingine kama tulivyolelewa, mpaka nikaanza kuhisi kwamba salamu zimerefuka kupita kawaida. Ndipo akasema, "Baba ametutoka jana. Tumemzika jana hiyohiyo, baada ya alasiri." Nikampa pole. Akaipokea, kisha akaongeza, "Kuna kikopo chako hapa, Mwalimu. Alisema usipokuja kukichukua nikitie kwenye basi. Lakini ningependa uje." Marehemu alikuwa fundi saa wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, na kikopo chenyewe nilikuwa nakijua. Kilikuwa kinanisubiri miaka mingi na sikuwa nimekwenda kukichukua. Simu ilipokatika nilikaa palepale nikiifikiria sababu ya kutokwenda, mpaka chai ikaota utando.

Msomaji mmoja wa safu hii aliniandikia majuzi kuuliza kama nimeacha uandishi nikawa mchimba makaburi. Ana haki ya kuuliza. Ukifika umri wangu, watu unaowajua huwa wengi zaidi chini ya ardhi kuliko juu yake, na kalamu inafuata huko walikokwenda. Nimechoka kuandika tanzia, na nimechoka zaidi na namna tunavyoziandika, maana kila anayekufa nchi hii alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu. Huyu hakuwa mcheshi. Alikuwa mkavu na mbishi, na ukimpelekea saa uliyojaribu kuifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni alikusema bila hata kuinua uso akutazame. Lakini nilimkosea, tena mbele ya watu, na maneno haya nilipaswa kuyaandika akiwa hai, ayasome kwa kile kioo chake cha jichoni na kunisahihisha nilipokosea.

Kazi alijifunza kabla ya Uhuru, kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la saa mjini. Kwa mzee huyo alitoka na mambo mawili ambayo hakuyaacha hadi mwisho. La kwanza, kila saa aliyoifungua aliiandika ndani ya kifuniko cha nyuma kwa ncha ya sindano: alama yake ya jembe dogo, mwezi, mwaka, na kitu alichokitengeneza au kukibadili. Maandishi yenyewe ni madogo kama mayai ya chawa, na mwenye saa anaweza kuivaa maisha yake yote asijue kwamba yapo, kwa kuwa hana kifaa cha kufungulia. Yanaandikwa kwa ajili ya fundi atakayeifungua baadaye, ajue aliyemtangulia alifanya nini. La pili, kipuri cha zamani alichokitoa alikufungia kwenye karatasi akakurudishia, hata kikiwa kipande cha mpira kilichooza. "Chako, chukua," alisema, na ukikataa alikuona mtu asiyejua thamani ya mali yake. Wateja wengi walizitupa zile karatasi kabla hawajafika kona ya kwanza. Yeye aliendelea kuzifunga.

Baba yangu alikuwa gadi wa treni, njia ya Tabora na Kigoma, ileile ambayo wapagazi waliikanyaga kwa miguu kabla ya reli, wakipeleka pembe pwani na kurudi na vitambaa na shanga. Baba naye alirudi na kitu. Bandarini Kigoma kulikuwa na Mzungu mpiga mbizi, kazi yake kuzama ziwani na kukagua matumbo ya meli. Baada ya Uhuru alifungasha akaenda zake, na katika safari hiyo ya mwisho akasahau begi ndani ya behewa. Baba alimfuata nalo hadi alikofikia, akamkabidhi mkononi. Mzungu akavua saa yake, akampa. Ilikuwa saa nene ya chuma, yenye uso mweusi, na duara la nje la kuzungushwa ili mzamaji ahesabu dakika alizonazo kabla hewa haijamwishia. Alimwambia baba kwamba tangu itoke kiwandani haijafunguliwa na mtu yeyote. Baba alilichukua neno hilo, akaligeuza kwa namna yake, akalibeba mpaka kaburini. "Haijaguswa hii," alikuwa akisema, akiinua mkono watu waione.

Sasa fikiria saa ya kuzamia baharini, Tabora. Sisi tuna visima, tuna bwawa, na miezi ya kiangazi tuna vumbi. Mahali pekee ambapo baba aliweza kuonyesha uwezo wa saa yake ni beseni la kunawia mikono. Siku ya karamu, ubwabwa umeshapakuliwa na maji ya vuguvugu yanazungushwa kwa wageni, baba aliivua saa, akaiinua juu, akaitumbukiza ndani ya povu la sabuni. Watu wazima walinyamaza wakihesabu. Ikipita dakika nzima aliitoa, akaifuta kwa shati, akampa mgeni wa karibu aisikilize sikioni. "Inatembea!" mgeni alisema, na makofi yakapigwa. Mama alikuwa akisimama na taulo lake mkononi akisema taratibu, "Wageni wana njaa, jamani." Nilikuwa najivuna sana siku zile. Niliamini baba yangu ana kitu ambacho hata mkuu wa wilaya hana.

Baba alifariki katikati ya miaka ya sabini, nikiwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni juzijuzi, nimejaa maneno. Saa ikawa yangu. Ilikuwa inachelewa kidogo, kwa hiyo nikaipeleka kwa fundi wetu, ambaye nilimjua kama rafiki wa baba. Baada ya wiki akanirudishia. "Nimeisafisha nikaitia mafuta," aliniambia. "Sikubadili kitu safari hii." Nilishukuru nikaondoka. Maneno yale mawili ya mwisho niliyasikia kwa masikio tu, hayakuingia kichwani.

Mwezi mmoja baadaye nilisafiri kwenda upande wa Choma, ambako vijiji vipya vilikuwa vinachimbiwa visima, na huko nikamkuta mtaalamu wa kigeni aliyekuwa amepiga mbizi ujanani. Aliiona saa mkononi mwangu, akaomba aishike. Aliigeuzageuza juani muda mrefu, kisha akanieleza kwa upole kabisa, kama daktari anayempa mtu majibu. Rangi ile ya kung'aa gizani, alisema, kwa saa ya umri huu ingepaswa kuwa imegeuka kahawia kama samli iliyokaa. Nukta iliyo kwenye duara la nje imegeuka hivyo. Lakini akrabu zako, mishale hii inayoonyesha saa na dakika, ni nyeupe, na nukta za kwenye uso ni nyeupe vilevile. "Vitu vilivyozaliwa pamoja huzeeka pamoja," alisema. Kisha akanionyesha chini kabisa ya uso, penye nambari sita ambapo sisi tunasoma saa kumi na mbili, herufi mbili ndogo za T ambazo kiwanda kilianza kuzipiga baada ya kuacha rangi ile ya zamani. Saa yangu, kwa maneno mengine, ilikuwa na umri mkubwa kuliko uso wake. Si bandia, alinihakikishia, kiwanda chenyewe hutengeneza vipuri hivyo kwa ajili ya matengenezo. Ila si vile ilivyotoka navyo.

Njia nzima ya kurudi Tabora nilikuwa napiga hesabu. Saa ya baba haijaguswa, baba amesema mwenyewe mara elfu. Aliyeifungua ni mtu mmoja tu, na nilikuwa nimeipeleka kwa miguu yangu.

Ili mnielewe, lazima mkumbuke hali ilivyokuwa. Zilikuwa siku za uhaba, sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na neno mlanguzi lilikuwa hewani likitafuta wa kumwangukia. Mafundi wa Ng'ambo walikuwa wamekusanywa katika ushirika mmoja, wa redio, wa baiskeli, wa viatu na wa saa, chini ya paa moja na kibao kimoja, na mtu hakubaki mle ndani ila kwa kuaminiwa. Nikaketi nikaandika barua kwa katibu wao, nakala ofisi ya kata. Kurasa mbili. Nilimwita kupe. Nilisema amenyonya maiti. Nilifunga kwa kutaka achukuliwe hatua ili iwe fundisho kwa wengine wenye tamaa kama yake. Siku ya kikao katibu aliisoma kwa sauti, na nikawaona watu wakitikisa vichwa kwa utamu wa Kiswahili changu. Nimeandika makala nyingi tangu siku hiyo, na hakuna iliyofanya kazi upesi kama ile.

Walimsimamisha katikati ya chumba, kioo chake cha jichoni bado kinaning'inia shingoni kwa uzi.

"Ndugu fundi," mwenyekiti alianza, "uso huu na akrabu hizi, ni wewe uliyebadili?"

"Ni mimi."

Chumba kikavuma. Mwenyekiti akagonga meza.

"Vya zamani viko wapi?"

"Vipo."

"Basi vilete, tuyamalize."

"Sitavileta, Ndugu Mwenyekiti. Nimeombwa nisivitoe."

"Umeombwa na nani?"

Fundi alinitazama. Nimeukumbuka mtazamo ule miaka yote, kwa sababu haukuwa wa hasira. Hasira ningejua la kuifanyia. "Kijana huyu amefiwa," alisema. "Nampa pole. Zaidi ya hapo sina neno."

Hawakuhitaji zaidi. Alitolewa kwenye ushirika siku hiyohiyo, akabeba meza yake na kisanduku cha vifaa akahamia barazani kwa ndugu yake, kwenye barabara ya stesheni. Aliendelea na kazi, lakini saa nzuri hazikumfuata. Watu walimpelekea zile ambazo hazina cha kuibwa, saa za mezani, saa za ukutani, na wengine walisimama palepale wakimwangalia vidole mpaka amalize. Fundi anayeangaliwa vidole! Binti yake, huyu aliyenipigia simu, alikuwa mwanafunzi wangu, anakaa dawati la mbele. Muhula ule alihamia nyuma, akaacha kunyoosha mkono. Niliona, na nilijiambia kwamba aibu ya mzazi ni somo pia.

Niliacha ualimu, nikaingia magazetini, nikahama Tabora. Ilipita kama miaka kumi kabla saa haijanisimamia ghafla nikiwa Mwanza, nikaingia kwa fundi wa kwanza niliyemwona. Aliifungua, akaisogeza dirishani, akaguna.

"Kaka, huyu mwenye jembe ni nani?"

"Kwa nini?"

"Kaandika humu. Mtu safi sana huyu. Nikusomee?" Akasoma mstari wa chini, ulikuwa wa mwezi ule niliopeleka mimi: kusafisha, mafuta, basi. Kisha akasoma wa juu yake. Ulikuwa na mwezi na mwaka, na mwaka wenyewe ulikuwa miaka minne kabla baba hajafa. "Uso. Akrabu. Mpira. Maji yameingia. Kwa amri ya mwenye saa."

Nilimwomba asome tena. Akasoma tena. Siku ile ya kikao ushahidi wote wa kumwokoa yule mtu ulikuwa umefungwa mkononi mwangu mimi mshtaki, unagonga, na hakuna aliyefikiri kuufungua. Yeye alijua upo. Angeweza kusema neno moja tu, fungueni kifuniko, na ningeondoka pale nimeinamisha kichwa. Hakulisema.

Mama alikuwa bado hai, kijijini kwao, ambako alirudi baada ya msiba. Mambo ya kikao sikuwa nimemwambia kamwe. Nilimuuliza kuhusu saa, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Siri ya mtungi aijuaye kata," alisema. "Baba yako aliiua mwenyewe, mwanangu. Harusi ya shangazi yako. Kaitia kwenye beseni kama kawaida yake, kaitoa, kioo kimejaa ukungu ndani. Na watu wanapiga makofi! Akaishusha mikono ya shati, akakaa hivyo mpaka harusi imekwisha, jua lote lile. Usiku wa siku ile hakula." Nikamweleza nilichomfanyia fundi. Kicheko kikakatika. Akaniuliza, "Na yule mtu umekwenda kwake?"

Nilikwenda. Nilimkuta barazani, meza ileile, kichwa kimeanza mvi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha kigoda. Nilimwambia nimesomewa yaliyoandikwa ndani ya kifuniko. Akaweka kibanio chake chini.

"Aliyeifungua nani?"

"Fundi mmoja, Mwanza."

"Anajua kufungua? Lete nione." Akaichukua, akaigeuza, akapitisha kidole pembezoni mwa kifuniko. "Hakukichubua. Vizuri."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Baba yako alisema nisimwambie mtu. Hakusema mpaka lini."

"Lakini alikuwa ameshakufa, mzee wangu."

"Ndiyo. Sasa ningemwomba ruhusa nani?"

Akanieleza yote, bila haraka. Baba alikuja siku ya tatu baada ya harusi, saa ameifunga kwenye leso, anageuka nyuma kama mwizi. Mpira unaozuia maji ulikuwa umekaushwa na hewa yetu ukapasuka, na sabuni ikamalizia. "Saa imetengenezwa izame baharini," alisema, "si kwenye maji ya watu walioshika kuku." Uso ulikuwa umeumuka, akrabu zimeota kutu. Akaagiza vipuri vya kiwanda kilekile kutoka Nairobi, kupitia kwa yule mzee wa Kihindi, na vilipofika akaifunga, akampa baba karatasi yenye vya zamani. Baba akaisukuma. Vikikaa nyumbani watoto wataviona, alisema, vikae hapa. Fundi akavitia kwenye kikopo cha filamu ya picha, akaandika jina la baba juu yake. Katika maisha yake yote ya ufundi, aliniambia, hivyo ndivyo vipuri pekee vya mtu vilivyowahi kubaki kwake.

Nilimwomba radhi. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaishika kofia. "Nimekusikia," alisema. Nikaahidi kuandika barua nyingine, ya kumsafisha, kwa wote waliopata ile ya kwanza. Akafikiri kidogo. "Waandikie," alisema. "Ile ya kwanza uliiandika vizuri. Ukishaandika ya pili, njoo uchukue kikopo chako."

Sikuandika. Kwa muda mrefu nilijipa sababu zinazofaa: ushirika umekufa, katibu amehamishwa, mwenyekiti amefariki, nani atajali. Nina hakika wasomaji wa umri wangu wanazijua sababu za aina hiyo, tunazo ghalani za kutosha. Lakini ukweli ni mwingine, na leo nausema. Nisingeweza kumsafisha fundi bila kumgusa baba. Ningelazimika kuandika kwamba gadi yule mwadilifu aliitumbukiza saa kwenye povu la sabuni, ikafa, akaitengeneza kwa kificho, na kwa miaka minne iliyobaki ya maisha yake akaendelea kuinua mkono na kusema haijaguswa. Ni uongo mdogo, wa kuchekesha, mama mwenyewe aliucheka. Lakini mimi wakati ule nilikuwa nimeshamtumia baba katika safu hii mara nyingi kama mfano wa mtu asiyesema uongo. Nilimpenda vile, mzima, bila mkwaruzo. Kwa hiyo nikamwacha aliye hai achafuke ili aliyekufa abaki safi, na nilipopita Tabora nilipanda basi lisilosimama karibu na barabara ya stesheni.

Nadhani ndivyo tulivyo na miaka ile yote, tangu Uhuru na Ujamaa wake. Nawasikia watu wakibishana redioni. Mmoja anataka kila kitu cha siku zile kiwe dhahabu, hakijaguswa, na mwingine anasema vyote vilikuwa bandia tangu mwanzo. Wanabishana mpaka koo zinakauka na mimi nachoka kwa niaba yao. Tulibadili vipuri vingi. Tulibadili majina ya mitaa, tulibadili wenye maduka, tulihamisha vijiji vizima na matenki ya maji yakafuata baadaye, au hayakufuata. Pengine palibadilishwa kwa sababu maji yalikuwa yameingia kweli na kutu imeanza. Pengine palitolewa kitu kizima kikawekwa kibovu. Ubaya wake hatukuandika ndani ya kifuniko nani alifungua, lini, na kwa amri ya nani. Leo wajukuu wetu wanaigeuzageuza nchi juani kama yule mtaalamu wa visima, wanaona nukta nyeupe na nukta kahawia, na wanatuuliza, na sisi tunainua mkono kusema haijaguswa. Fundi wangu hakudharau vipuri hata kidogo. Aliniambia siku ile barazani kwamba hakuna saa ya umri ule inayotembea bila kipuri, ila kuna mafundi wanaoandika na wasioandika.

Wiki iliyopita nilikwenda. Binti yake ni mtu mzima sasa, naye amestaafu, anavaa miwani. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," kama zamani za dawati la mbele, nami nikaitika kwa shida. Alinipa maji, akanisimulia ugonjwa wa baba yake tangu ulipoanza, kisha akaingia ndani akatoka na kikopo. Jina la baba lilikuwa limefifia lakini linasomeka. Nilikifungua. Uso ulikuwa umeumuka upande mmoja kama mkate, akrabu zina kutu, lakini rangi iliyobaki juu yake ilikuwa kahawia. Nikaisogeza saa mkononi mwangu karibu na kikopo, nikailinganisha na ile nukta ya duara la nje. Rangi ilikuwa ni ileile. Kimoja kilikaa mkononi mwangu kikitembea mijini, vingine vilikaa gizani kwenye kabati la Ng'ambo, na vilikuwa vimezeeka sawasawa.

"Aliniambia nikichukue nikishaandika," nilisema. "Sijaandika."

"Najua," alisema. "Tulikuwa tunanunua gazeti kila wiki. Alikuwa analisoma lote, halafu analikunja."

Hakulisema kwa kunisuta. Alilisema kama anavyosema mtu saa za dawa za mgonjwa wake, na sikuwa na pa kuangalia.

Basi naandika. Jina simtaji mtu, ndiyo desturi ya safu hii, lakini Ng'ambo wanamjua: ndiye mwenye alama ya jembe. Hakuiba uso, hakuiba akrabu. Alitengeneza saa ya rafiki yake alivyoombwa, akatunza siri alivyoombwa, na siri hiyo ikamgharimu nafasi yake, jina lake, na mkono wa mtoto wake darasani. Aliyesema uongo mdogo ni baba yangu, ambaye bado nampenda, na nadhani nampenda zaidi sasa nikimfikiria amekaa harusini na mikono ya shati imeshushwa juani. Aliyesema uongo mkubwa ni mimi. Nilimchafua mtu mbele ya watu, nikamwomba radhi tukiwa wawili barazani, nikadhani nimemaliza. Kosa la hadharani halitengenezwi faraghani, wasomaji wangu. Mlio na mtu wa namna hiyo, angalieni kama bado yu hai, na msisubiri kupigiwa simu.

Kikopo sikukichukua. Nilikifunga, nikakirudisha mezani mbele ya binti yake, nikamwomba anunue gazeti la wiki hii kama walivyozoea, alisome, na akiona limeandikwa sawasawa ndipo akitie kwenye basi.